Waliotangulia Wahudumiwe Kwanza

Jina la nchi yetu sitalitaja, na si kwa sababu naogopa, naogopa nini mimi, bali kwa sababu lilipelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho na mpaka leo halijarudi. Ukitaka kutuandikia barua, andika tu "Huku" juu ya bahasha. Zinafika. Zinafika zimefunguliwa, lakini zinafika.

Mimi naitwa Ombeni, mtumishi wa serikali, daraja la kusimama. Kazi yangu ni kusoma majina. Nimeifanya kwa miaka kumi na tisa katika Idara ya Vitambulisho, ukumbi mkubwa wa chini, pale penye mlango ulioandikwa Vuta ambao usipousukuma utakesha nje. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani naleta umbeya. Umbeya wanao wengine, mimi natoa taarifa.

Idara hiyo hiyo ndiyo inayouza pia vifaa vya michezo ya kompyuta. Sasa mtaniuliza, vitambulisho na michezo ya kompyuta wapi na wapi. Nami niliuliza hivyo hivyo, nikaambiwa nisiulize, ila baadaye nikaelewa mwenyewe. Watu wanaocheza mpira kwenye kompyuta wana kitu chao, kibao fulani chenye feni, kinachochomekwa ndani ya mashine ndipo picha ionekane kwenye kioo. Wenyewe wanakiita kadi ya picha. Kontena la kwanza lilipofika bandarini, afisa forodha alifungua kitabu chake cha ushuru, akatafuta "kadi ya picha", akakuta imeshaandikwa: kadi yenye picha ya mwenye nayo, yaani kitambulisho. Akagonga muhuri. Na huku kwetu muhuri ukishagongwa, mambo mengine yote ndiyo yanayohama kuufuata.

Basi tangu siku hiyo kadi za picha zikawa zinauzwa na sisi peke yetu. Mtu mmoja, kadi moja, maisha yake yote. Ukikutwa na mbili ni uraia pacha, miaka saba jela. Ukimwazima jirani ni kughushi, mitatu. Kuna waliojaribu kueleza kwamba ile kadi haina picha ya mtu yeyote juu yake, wakaambiwa hilo ndilo kosa lenyewe, na wakatakiwa walete picha mbili za pasipoti, nyuma pawe na rangi ya bluu, zibandikwe kwenye feni. Feni zikagoma kuzunguka. Idara ikatoa taarifa kwamba kadi za siku hizi hazina ubora.

*

Bei ilikuwa inaandikwa ubaoni kwa chaki na mama mmoja aitwaye Sikujua. Ndilo jina alilopewa na wazazi wake, na kazini lilimkaa vizuri, maana ukimuuliza bei imetoka wapi hana analolijua. Anapigiwa simu, anafuta, anaandika. Kwa kuwa sarafu yetu nayo ilikuwa kwenye marekebisho, bei ilitajwa kwa mishahara ya mwalimu, kwani ndicho kitu pekee nchini ambacho hakijapanda wala kushuka kwa miaka kumi na mitano. Asubuhi kadi ndogo kuliko zote, ile ya feni moja, ilikuwa mshahara mmoja na nusu. Saa nne, miwili. Saa sita Sikujua akirudi kutoka kunywa chai, mitatu na nauli ya kurudia nyumbani. Na bei inayokuhusu ni ile utakayoikuta ukifika dirishani, si ile uliyoiona ukipanga foleni. Nimeshuhudia mtu amenyoosha mkono na fedha zake, simu ikalia, Sikujua akafuta, mkono wa mtu ukabaki unaning'inia pale mpaka mlinzi akaja kuushusha.

Watu wakanung'unika. Waziri akaja mwenyewe, akapanda juu ya meza yangu bila kuniomba.

"Ndugu wananchi," akasema, "bei haijapanda. Bei imesimama pale pale iliposimama. Kilichotokea ni kwamba uwezo wenu umerekebishwa kwa kwenda chini. Huko ng'ambo, kadi zote zinanunuliwa na akili bandia. Sasa kama akili ndiyo inayonunua, serikali yenu mnailaumu kwa lipi? Sisi hatujawahi kuwa na akili."

Tukapiga makofi. Msaidizi wake akamnong'oneza, naye akaongeza, "Bandia, hatujawahi kuwa na akili bandia," lakini makofi yalikuwa yameshakolea.

Kulikuwa pia na maneno kwamba kadi zinamalizwa na wachimbaji wa sarafu, watu wanaojipatia fedha kwa kuwasha kompyuta usiku na mchana. Serikali haikulala. Ilipeleka wakaguzi wa madini wenye kofia ngumu na sururu, wakachimba sakafu za nyumba kumi na mbili, wakakuta mabomba ya maji, wakayataifisha.

*

Foleni ikawa inapigana. Watu walikuwa wanang'atana masikio kwa sababu ya nafasi ya mbele, ndipo Idara ikatoa waraka wa mstari mmoja: Waliotangulia wahudumiwe kwanza.

Nadhani aliyeuandika alikuwa na maana ya waliofika mapema. Nadhani tu. Lakini waraka ni lazima upite kwa Mwanasheria wa Idara, msomi wa kweli, mtu wa dini, hakosi msiba hata wa mtu asiyemjua. Yeye akaufafanua kwa kurasa arobaini. Akaandika kwamba katika lugha yetu tukufu, waliotangulia ni wale waliotutangulia mbele za haki. Haiwezekani, akaandika, serikali inayowaheshimu marehemu wake iwapange nyuma ya watu waliochelewa kufa.

Basi marehemu wakapewa chumba chao kando ya ukumbi, kikatiwa pazia la kijani, na bei yao ikawa ya asubuhi. Saa mbili kamili nilianza kuwasoma. Kila jina mara tatu, ndio utaratibu. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya, na ukumbi mzima wa walio hai unakuwa umenyamaza, hata watoto migongoni. Mara ya tatu, nyuma ya pazia, sauti inajibu: "Nipo." Mkono unatoka, unachukua kadi, unarudi ndani.

Nilikuwa nasisimkwa mwili kila siku, sikuzoea hata kidogo. Halafu nikaanza kuona kwamba ni mkono ule ule, wenye saa ile ile ya dhahabu. Nikajiambia labda huko walikokwenda wanapewa saa za sare. Mkurugenzi wetu naye alikuwa na saa kama ile. Siku moja nikamwambia kwa nia njema kabisa kwamba amefanana saa na marehemu, akacheka kidogo, na kesho yake nikakuta kiti changu kimeondolewa. Ndiyo maana daraja langu ni la kusimama.

Mama yangu mzazi nilimsoma mwezi wa tatu wa utaratibu ule. Orodha inaletwa imekunjwa, huwezi kujua nani yumo mpaka umfikie. Nilimwita mara tatu, jina lake na la baba yake. "Nipo," ikajibu sauti nzito ya kiume. Mama yangu alikuwa na sauti nyembamba, ya kuimba kwaya. Hata hivyo nilisimamisha orodha, kwa sababu nilikuwa sijamwita mama yangu nikaitikiwa kwa miaka minane. Nikaomba maji, nikanywa, nikaendelea na herufi inayofuata.

Kadi mia mbili kwa siku zilikuwa zinapita nyuma ya pazia. Walio hai walibakiziwa sita, wakati mwingine saba, kwa bei ya saa sita. Nyuma ya jengo letu palikuwa na duka lenye kadi tele, mishahara mitano kwa moja. Nilimuuliza mwenye duka anazipata wapi, akanijibu kwamba amerithi.

Jambo jingine niliseme hapa, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata. Marehemu naye ni lazima awe na picha za pasipoti kwenye faili. Kwa hiyo kila msiba ulipomalizika, siku ya kuanua tanga, maafisa wetu walikuwa wanafika na boksi na kukusanya picha zote za marehemu. Za ukutani, za kwenye albamu, zile za harusi wanakata kipande chake tu. Za kwenye simu wanafuta mbele ya mashahidi wawili. Ukiingia nyumba ya mfiwa nchini mwetu unaona miraba ya rangi safi ukutani, palipokuwa na fremu, na watu wa nyumba hiyo wamejifunza kutopatazama.

*

Mwalimu Devota Lukindo alikuja na kadi yake iliyokufa, ya tangu kabla ya muhuri, ameifunga kwenye kipande cha khanga. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anafundisha darasa la tatu, ana ile tabia ya walimu ya kukuangalia kama umeficha daftari. Siku ya nne ya foleni yake, jina lake likiwa namba tisini, alinisogelea.

"Kaka, hii foleni inasogea au tunazeeka tu?"

"Inasogea kwa nyuma, mwalimu. Wanaongezeka."

Akacheka. Nami nikamuuliza lililokuwa likinikera, kwamba mwalimu mzima, mtu wa kuheshimika, anahangaikia kitu cha kuchezea mpira.

"Si kwa ajili ya mpira," akasema. "Nilikuwa na mdogo wangu, Fulgence. Alitangulia mwaka jana."

"Pole sana," nikamwambia. "Na hongera." Ndivyo tulivyoagizwa kusema.

Hakukasirika. Akanieleza kwamba walikuwa wanakaa wawili tu baada ya wazazi, na kila jioni walikuwa wakicheza mpira kwenye kompyuta, benchi moja, yeye akifungwa na Fulgence akimkejeli. Mchezo ule unakuruhusu utengeneze mchezaji wako. Fulgence alijitengeneza mwenyewe, akampa jezi namba kumi na nne, kisha akaomba apigwe picha ya uso, akaibandika kwa yule mchezaji. Maafisa walipokuja na boksi lao walichukua kila kitu, lakini kuna uso mmoja hawakuujua.

"Ikawaje?"

"Kadi ikaungua, wiki mbili baada ya tanga. Ukiwasha, picha inakaa dakika moja, inaganda, kioo kinakuwa cheusi. Lakini sauti inaendelea, kaka. Nasikia mashabiki. Nasikia filimbi. Mtangazaji anasema namba kumi na nne ana mpira, anapita mmoja, anapita wa pili. Naye anakwenda nao, anakwenda, na mimi simwoni."

Nikatazama orodha yangu.

"Nimeanza kuisahau sura yake," akasema kwa sauti ya chini. "Pua naikumbuka. Mdomo naukosea. Nikijitahidi naishia kuona mdomo wa mtu mwingine, sijui wa nani. Nataka nimwone mara moja tu, nimshike vizuri kichwani. Baada ya hapo waichukue kadi yao wakitaka."

Hilo ndilo alilolitaka mwalimu Devota. Sikuwahi kusikia mtu akiomba kitu kidogo hivyo katika ofisi ya serikali.

*

Alipanga foleni siku kumi na moja. Siku ya saba alifika dirishani na mishahara miwili, Sikujua akaandika miwili na robo. Siku ya tisa alirudi na miwili na robo, alikuwa ameuza cherehani, akakuta mitatu. Sikujua mwenyewe alimtazama akasema, "Mwalimu, nisamehe, mimi naandika tu," na nadhani ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa kazini.

Siku ya kumi na moja nilikuwa nasoma marehemu wa herufi F. Nilishatamka kabla sijaelewa ninachotamka.

"Fulgence Lukindo."

Kimya. Nikaona kichwa kimoja kwenye foleni kimeinuka.

"Fulgence Lukindo."

Ningeweza kuishia hapo. Ningeweza kukohoa, kuzimia, kuna mambo mengi mtu anaweza kufanya. Lakini ulimi wa mtumishi wa umma una njia yake, ukishaanza unamaliza.

"Fulgence Lukindo."

"Nipo."

Mwalimu Devota akatoka kwenye foleni. Alitembea taratibu mpaka kwenye pazia la kijani, akasimama karibu kiasi kwamba kitambaa kilikuwa kinatikiswa na pumzi zake. Yeye si mjinga. Alijua kabisa ile ni sauti ya mtu mzima mwenye kitambi. Hata hivyo alisema, kwa ile sauti ya kumwamsha mtu asishtuke, "Fule? Ni wewe?"

Nyuma ya pazia hapakujibiwa kitu. Ukumbi wote tulikuwa tunasubiri, na mimi nilikuwa natamani pazia lijibu. Naona aibu kukiri lakini nilitamani. Kisha mkono wenye saa ukatoka polepole, ukapapasa mezani, ukachukua kadi.

*

Nilitumwa nimpeleke kwa Mkurugenzi. Tulimkuta anavaa koti, amekaa kiti kikubwa, kile kiti changu kikiwa kando kimewekewa kopo la maua.

"Aliyeitwa sasa hivi ni mdogo wangu," Devota akasema. "Amekufa."

"Pole sana, na hongera. Cheti cha kifo kipo?"

"Kipo."

"Safi. Basi hana tatizo lolote."

"Amechukua kadi ngapi mpaka leo?"

Mkurugenzi akafunua faili. "Arobaini na moja. Ni mteja wetu mzuri, hajawahi kulalamika."

"Sheria inasema kadi moja kwa maisha ya mtu."

"Kwa maisha yake, mwalimu. Maisha yameisha, na kikomo nacho kimeisha." Alilisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwalimu hesabu.

Devota akavuta pumzi. "Basi naomba nione picha iliyomo humo ndani ya faili. Sitaishika. Niitazame tu."

"Faili la marehemu halionyeshwi kwa mtu baki."

"Mimi ni dada yake."

"Ulikuwa," akasema Mkurugenzi.

Hapo mwalimu alilia. Hakupiga kelele, machozi yalitoka tu na yeye akawa anayaacha. Na Mkurugenzi wetu, lazima niseme ukweli, si mtu asiye na moyo. Alifungua droo, akatoa karatasi ya rangi ya waridi.

"Kuna njia," akasema. "Fomu ya Kutangulia kwa Hiari. Wananchi wengi hawaijui. Unasaini hapa, unahesabiwa umetangulia kuanzia kesho saa mbili, na unapata kadi kwa bei ya asubuhi. Huumii popote. Hatugusi mwili, mwili ni mali yako, sisi tunahitaji jina. Jina lako litabaki hapa likiendelea kulitumikia taifa hata pale wewe utakapokuwa umepumzika. Ni heshima kubwa, mwalimu. Mimi mwenyewe nisingekuwa na majukumu ningeshasaini."

"Na darasa langu?"

"Watoto watatangaziwa. Tunatoa rambirambi, kreti tatu za soda."

"Na mshahara?"

"Marehemu anahitaji mshahara wa nini?"

Devota alishika kalamu. Halafu akageuka, akaniangalia mimi, na katika miaka yangu kumi na tisa hakuna mwananchi aliyewahi kuniangalia akitaka kujua ninachofikiri.

"Kaka Ombeni. Wewe ungefanyaje?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo kabisa, lilikuwa limefika mdomoni: usisaini, mwalimu, rudi kwa watoto wako, tutatafuta njia nyingine. Mkurugenzi alikuwa ananitazama. Nikatazama dari.

"Hiyo kalamu haitoi wino vizuri," nikasema. "Ukandamize."

Akakandamiza. Mpaka leo najichukia kwa jibu lile.

*

Ijumaa watoto wa darasa la tatu walitangaziwa, wakalia, wakanywa soda. Jirani yake wa miaka mingi alikutana naye kisimani akageuza uso, kwa kuwa kumsalimia marehemu ni kosa la uchawi, kifungu cha tisa. Mwenye nyumba alikuja kumpa pole akakosa wa kumpa, ikabidi aiache mlangoni.

Ijumaa hiyo hiyo, saa mbili asubuhi, nilimsoma. Siku ya kwanza tu marehemu mpya anaruhusiwa kujiitikia mwenyewe. Mara ya tatu, kutoka nyuma ya pazia, nikasikia sauti ya mwanamke, "Nipo," ya kawaida kabisa, ya mtu aliyezoea kuita mahudhurio na leo ameitwa yeye. Sikupenda jinsi ilivyonipitia mgongoni.

Kwa kuwa marehemu haruhusiwi kubeba mali ya serikali bila mtumishi hai, nilipangiwa nimsindikize mpaka kwake. Tulitembea saa kumi jioni, jua bado kali, na watu wakatupisha njia nzima. Hakuna aliyetusalimia. Nilianza kuhisi na mimi nimesaini kitu.

Nyumba yake ni chumba na sebule. Miraba ilikuwa pale ukutani, nikaihesabu minne kabla sijajizuia. Devota alifungua kompyuta kwa kisu cha mezani, akapuliza vumbi, akabandua picha mbili za pasipoti nilizokuwa nimezibandika kwenye feni ya kadi mpya kwa mkono wangu, akaziweka mfukoni mwangu bila kusema kitu. Akachomeka kadi.

"Kaa," akaniambia, akinionyesha benchi.

Kisheria sikupaswa kumsikia. Nilikaa.

Mashine ikawaka. Kadi mpya, hata ikiwa ndogo, ilikuwa na nguvu kuliko ile ya zamani, na mchezo ulipoitambua ukajipandisha wenyewe mpaka ubora wa juu kabisa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Majani ya uwanja yalionekana moja moja. Nyuzi za wavu zilihesabika. Wachezaji wakatoka kwenye njia yao, wakajipanga, kamera ikawa inapita usoni kwa mmoja mmoja, na Devota akashika ukingo wa benchi.

Kamera ikafika kwa namba kumi na nne, ikasimama.

Alikuwa kijana mzuri, anacheka. Mdomo ulikuwa mpana, wenye kovu dogo pembeni, na nikajua kwamba hilo ndilo alilokuwa analitafuta. Devota alitoa sauti ndogo, ya mtu aliyemwagiwa maji baridi mkononi. Akasogea karibu na kioo. Akakaa hivyo kwa muda, na mimi nikafurahi, nilifurahi kweli, nikajiambia angalau hiki kimoja kimekwenda sawa.

Kisha mabega yake yakabadilika.

"Kaka," akasema, "unayaona macho yake?"

Niliyaona. Weupe wa macho ulikuwa wa manjano, manjano ya kiini cha yai. Na mashavu yalikuwa yamebonyea chini ya mfupa, na juu ya kola ya jezi, pale picha ilipoungana na mwili wa mchezaji, shingo ilikuwa nyembamba kuliko inavyopaswa kuwa. Alikuwa anacheka kwa nguvu, kama mtu aliyeambiwa acheke.

"Hii picha tulipiga Januari," Devota akasema. "Niliyeshika kamera ni mimi. Yeye alitangulia Juni. Ini. Daktari aliniambia lilikuwa limeanza siku nyingi, nikamwambia haiwezekani, ningeona." Akagusa ukingo wa kioo. "Kwenye ile kadi ya zamani alikuwa laini tu, amevimba kama andazi, tulikuwa tunamcheka wote wawili. Nimekaa naye kwenye hili benchi miezi mitano, kaka. Kila jioni. Nilikuwa natazama kule kwenye kioo."

"Huenda ni mwanga tu," nikasema.

Mechi ilikuwa haijaanza, kamera bado imesimama pale pale kusubiri abonyeze kitufe, na yule kijana akawa anatucheka na macho yake ya manjano. Sijawahi kuogopa uso wa mtu namna ile, na ulikuwa uso wa upole.

Devota akafungua mahali pa kurekebisha ubora wa picha. Akashusha kutoka juu kabisa hadi juu, jasho likaondoka usoni. Akashusha hadi wastani, manjano ikapungua ikawa kama kivuli. Akabonyeza tena na tena mpaka mwisho, majani ya uwanja yakawa zulia la kijani, wavu ukapotea, na mashavu ya Fulgence yakajaa, yakawa mviringo, bila mfupa wowote.

"Hapo," akasema. "Hapa alikuwa bado haumwi."

Chini ya kioo yalitokea maandishi madogo. Kusoma ndiyo kazi yangu, macho yangu yaliyafikia kabla yake: kiwango hiki hakihitaji kadi mpya, hata iliyochakaa, inayoganda, inatosha. Yeye alikuwa anamtazama mdogo wake. Nilifungua mdomo kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, halafu nikaufunga, nikayasoma kimoyomoyo mpaka yakafutika.